Ombi la Udaktari wa Meno: Kazi Iliyopo Kati ya Matokeo na Barua ya Kuitwa

(Mazungumzo kwa wazazi na vijana waliofanya KCSE)



Matokeo ya KCSE yakitoka na mtoto akiwa na A-, jirani wa kwanza kufika huuliza, "Atasomea nini?" Akijibiwa udaktari wa meno, nyumba nzima huona safari imekwisha. Bado. KUCCPS, shirika linalogawa nafasi za vyuo, haliangalii wastani peke yake. Kwa kozi hii hutazamwa masomo manne: Biolojia, Kemia, Hesabu au Fizikia, na Kiingereza au Kiswahili.

Hapa ndipo wengi huteleza. Chukua vijana wawili, wote wana A-. Mmoja amebebwa na Historia, Dini na Biashara, huku Kemia ikiwa B. Wa pili ana A- katika Biolojia na Hesabu, na B+ katika Kemia na Kiingereza. Kwa kuwa A- ni pointi 11 na B+ ni 10, huyu wa pili ana 42 kati ya 48 katika masomo hayo manne. KUCCPS huchanganya pointi hizo na matokeo yake kwa jumla na kupata uzito wa kundi, na uzito huo ndio unaoshindaniwa. Vyuo vinavyofundisha kozi hii ni vichache, Chuo Kikuu cha Nairobi na cha Moi vikiwemo, na Nairobi uzito wa mwisho kuchukuliwa umekuwa ukipita 40. Tovuti ya KUCCPS humwonyesha mwombaji uzito wake na ule wa mwaka uliotangulia. Aulinganishe kabla ya kubofya chochote.

Jambo la pili ni saiba. Mzazi hulipa, humwachia kijana wa saiba nambari ya mtihani ya mtoto na cheti cha kuzaliwa, kisha hurudi shambani. Nambari hizo ndizo ufunguo wa akaunti! Anayezishika anaweza kuweka kozi asiyoitaka mtoto, kwa haraka tu wala si kwa ubaya, na mfumo hautajua. Saiba itoe intaneti na printa. Machaguo ayaweke mwombaji mwenyewe, abadilishe nywila, na aondoke na nakala iliyochapishwa.

Kuhusu machaguo, udaktari wa meno ukae juu ikiwa ndio anaoutaka. Lakini kujaza nafasi zilizobaki kwa udaktari wa binadamu na ufamasia ni kubisha milango ile ile mizito. Awepo na kozi anayoweza kuipata kwa uzito wake. Asiyefanikiwa awamu ya kwanza afuatilie tangazo la marekebisho, maana dirisha hilo hufunguliwa kwa siku chache.

Aliyepata wastani wa C au zaidi bila kufikia uzito huo asidhani meno yamemkataa. KMTC ina stashahada ya miaka mitatu ya afya ya kinywa ya jamii, na nyingine ya ufundi wa meno bandia. Masharti ya masomo yapo na yasomwe. Si udaktari, na asiambiwe ni udaktari, ila ni kazi ya meno yenye heshima yake.

Kuna pia mawakala wanaouza nafasi za ng'ambo. Kabla ya kuuza ng'ombe, mzazi aulize Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, kama chuo hicho kinatambuliwa. Aliyesomea nje hufanya mtihani wa baraza kabla ya kusajiliwa.

Mwisho ni fedha. Kupata nafasi si kupata karo: mkopo na ufadhili wa serikali huombwa kando, na basari huhitaji barua ya kuitwa chuoni. Kozi ya Nairobi ni ya miaka mitano, ikifuatwa na mwaka wa mafunzo kazini, kwa hiyo familia ihesabu miaka sita, si muhula mmoja. Mtoto ambaye jina lake kwenye cheti cha kuzaliwa halilingani na lile la cheti cha mtihani apelekwe ofisi ya usajili wiki hii, kabla dirisha la maombi halijafunguliwa.