Oili Inapogeuka Rangi ya Maziwa: Vipimo vya Kudai Kabla ya Injini Kufunguliwa



Mwenye gari hufungua kifuniko cha kujazia oili, akakuta utando mzito wenye rangi ya chai ya maziwa. Hulipeleka gari gereji, naye fundi, baada ya kutazama mara moja tu, humwambia kuwa gasketi ya silinda hedi imekufa na injini haina budi kufunguliwa. Je, akubali?

Asikubali wala asikatae mpaka vipimo vifanyike. Kwamba utando ule ni oili iliyochanganyika na maji, hilo halina ubishi. Linalotakiwa kujulikana ni maji hayo yametoka wapi, kwa kuwa jibu moja humgharimu oili mpya, na jingine humgharimu akiba ya miezi mingi.

Lita moja ya petroli ikiungua hutoa mvuke ambao ukipoa huwa maji yanayokaribia lita moja. Sehemu kubwa hutokea kwenye ezosi, lakini kiasi kidogo hupenya kando ya ringi za pistoni na kuingia kunakokaa oili. Injini iliyopata moto wake wa kawaida, yaani kulanti ikiwa karibu nyuzi 90 za Selsiasi, huufukuza mvuke huo. Lakini mkazi wa hapa Mbeya ambaye mwezi wa Julai huwasha gari alfajiri, akaenda kilomita mbili na kulizima, haifikishi injini yake kwenye moto huo. Mvuke hugeuka maji chini ya kifuniko, mahali penye ubaridi, na hapo utando hujengeka. Gari la namna hii halina ugonjwa. Liendeshwe safari ndefu, kisha oili ibadilishwe mapema kidogo.

Sina budi kugusia pia mazoea ya kung'oa themostati ati injini isichemshe. Kifaa hicho ndicho kinachoisaidia injini kupata moto upesi. Kikiondolewa katika nyanda za baridi, injini huenda ikatembea baridi siku nzima, na utando ukajitokeza hata kwa mtu wa safari ndefu. Kabla ya kuilaumu gasketi, uliza kama themostati ipo. Mkazi wa Dar es Salaam, kwa upande wake, hana kisingizio cha baridi. Akiuona utando huo, na ashuku kulanti kwanza.

Sasa tuje kwenye vipimo. Injini ikiwa imepoa, chomoa kijiti cha kupimia oili. Ikiwa oili ya kwenye kijiti ni safi na utando uko kwenye kifuniko pekee, kulanti haipungui na gari halichemshi, dalili zinaelekea kwenye ubaridi. Oili nzima ikiwa na rangi ya maziwa, au kimo chake kimepanda bila wewe kuongeza kitu, usiliwashe gari tena, livutwe. Oili yenye maji hailindi beringi, na safari fupi ya kufika gereji yaweza kuua injini ambayo ingali inatengenezeka. Onyo hilo hilo ni kwa gari lililozama katika maji ya mafuriko. Moshi mweupe wa dakika chache asubuhi usikutishe. Unaostahili hofu ni ule usiokoma hata injini ikishapata moto.

Gereji inayojua kazi yake ina vipimo viwili zaidi. Cha kwanza ni kuujaza mfumo wa kulanti shinikizo kwa pampu na kutazama kama linashuka. Cha pili ni kimiminika cha buluu kinachowekwa juu ya mdomo wa rejeta: kikigeuka njano, gesi za mwako zimeingia kwenye kulanti, na hapo maneno ya fundi juu ya gasketi, au hedi iliyopasuka, yana msingi. Shinikizo likishuka na rangi isibadilike, kipozeo cha oili kikaguliwe kwanza. Katika magari mengi oili na kulanti hupita humo zikitenganishwa na ukuta mwembamba, na kukibadilisha ni kazi ndogo kuliko kufungua hedi.

Una haki ya kuomba majibu ya vipimo hivyo kwa maandishi, pamoja na makadirio ya gharama, kabla ya boliti ya kwanza kulegezwa. Ukiridhia kazi, iandikwe kwamba hedi itapimwa unyoofu wake, maana gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda haidumu. Gasketi ya zamani uirudishiwe pamoja na risiti.

Na anayekwenda kununua gari lililotumika amwombe muuzaji asiliwashe kabla hajafika. Kifuniko hufutwa kwa kitambaa kwa sekunde chache. Kwa hiyo achomoe kijiti, kisha atazame kulanti kama ina mafuta yanayoelea.