KIPIMO CHA TIBA YA AKILI KWA ASKARI

Tarehe 2 Mei, 2023, Waziri wa Nchi wa Uganda aliyeshughulikia mambo ya Kazi, Kanali Charles Okello Engola, aliuawa kwa risasi nyumbani kwake Kyanja, Kampala. Aliyempiga ni askari aliyekuwa akimlinda, ambaye kisha alijiua. Yaliyokuwa moyoni mwa askari yule hayawezi kuulizwa tena, wala si haki kumwita mgonjwa kila atendaye jinai. Lakini tukio lile lilizidisha madai kwamba watumishi wanaobeba silaha wapatiwe tiba ya akili.

Madai hayo ni ya haki. Walakini tiba ikishaletwa, itajulikanaje kwamba inaponya? Mara nyingi ofisi huhesabu semina zilizofanyika na watu waliohudhuria. Askari akiamriwa kuhudhuria, atahudhuria. Hesabu hiyo hupima utii.

Uganda yenyewe imekwisha kuonyesha njia iliyo bora. Mwaka 2002, katika vijiji 30 vya Rakai na Masaka, ilijaribiwa tiba ya mazungumzo ya vikundi kwa watu wenye sononi. Wenyeji waliulizwa kwanza wao huyaitaje maradhi hayo. Wakataja hali ya kujichukia, kwa Kiganda okwekyawa, na ile ya kujihurumia kupita kiasi. Kura ikaamua vijiji vya kupata tiba na vya kulinganishwa navyo. Vikundi vikakutana kila wiki kwa wiki 16, vikiongozwa na wenyeji waliopewa mafunzo mafupi, ambao hawakuwa madaktari.

Kabla ya tiba, wenye sononi walikuwa asilimia 86 katika vijiji vya tiba na asilimia 94 katika vile vingine. Mwishoni walibaki asilimia 6.5 kwa upande mmoja, na 54.7 kwa upande wa pili. Tiba ilifaa sana. Lakini izingatiwe kwamba hata wasiotibiwa, baadhi yao walipata nafuu. Pasipo vijiji vya kulinganisha, nafuu yote ingalihesabiwa kuwa kazi ya tiba, na sifa zisizo za kweli zingalitangazwa.

Watu wale waliulizwa pia kama waliweza kazi zao za kila siku. Kambini maswali ya namna hiyo yangehusu usingizi baada ya zamu ya usiku, ulevi, ugomvi nyumbani, na hasira mbele ya raia. Yaulizwe kabla ya tiba, baada yake, na tena miezi kadhaa baadaye.

Hapo ndipo penye ugumu. Mwanakijiji wa Rakai hakuogopa kupoteza cheo kwa kujibu kweli. Konstebo akijua kwamba jibu lake litafika mezani kwa mkuu wa kituo, ataandika kuwa hajambo, na kipimo kitasema uongo. Kwa hiyo karatasi za majibu zikae kwa mganga, na wakubwa wapewe jumla tu, pasipo majina. Ikiwa hatari ni dhahiri, silaha haina budi kuwekwa ghalani. Lakini askari aelezwe tangu mwanzo ni nani mwenye kuamua hivyo, kwa muda gani, na kwa masharti gani atarudishiwa bunduki yake.