Kuchagua Kadi ya Grafiki kwa Mfuko wa Kawaida

Tarehe 15 Machi 1962 Rais John F. Kennedy wa Marekani alilihutubia bunge la nchi yake kwa maandishi, akataja haki nne za mlaji: haki ya usalama, ya kupewa taarifa, ya kuchagua na ya kusikilizwa. Leo tumekusudia kuzungumza juu ya haki ya pili na ya tatu, kwa kutumia mfano wa kifaa kimoja ambacho vijana wetu wanakitafuta sana madukani na mitandaoni, nacho ni kadi ya grafiki ya kompyuta ya michezo.

Tuanze na lililotufikia. Kijana mmoja wa chuo alikuja ofisini kwetu akiwa na mama yake. Kijana alikuwa ameweka akiba ya posho yake kwa miezi minane, na mama, ambaye ni mama lishe, akamwongezea zilizopungua kwa sababu mwanawe alimweleza kwamba kifaa hicho kingemfaa kwa michezo na pia kwa kazi ya kuhariri video za harusi. Wakanunua kadi iliyoandikwa GTX 1050 Ti, kwa bei iliyokuwa chini ya bei ya maduka mengine. Kompyuta iliwaka na jina likaonekana kwenye kioo vilevile lilivyoandikwa kwenye boksi. Lakini kila mchezo ulipofunguliwa, mashine ilizimika. Fundi alipoichunguza aligundua kuwa ndani yake mlikuwa na chipu ya zamani, ya kizazi cha mwaka 2011, iliyobadilishwa jina kwa programu. Tulipoomba risiti, mama akatoa kipande cha karatasi chenye tarakimu tu, kisicho na jina la duka wala maelezo ya bidhaa.

Yote tutakayoyasema leo yanalenga kumwepusha mwingine na safari kama ile.

Swali la kwanza halihusu kadi bali haja. Kadi ya grafiki ni kifaa kinachopiga hesabu za picha na kuzipeleka kwenye skrini. Mwenye kuandika barua, kutazama filamu na kucheza michezo myepesi huenda haihitaji kabisa, kwa kuwa prosesa nyingi zimebeba grafiki ndani yake. Prosesa ya Ryzen 5 5600G, kwa mfano, huendesha michezo mingi myepesi bila kadi ya pembeni. Anayeihitaji hasa ni mwenye kucheza michezo mizito, au anayefanya kazi ya video na michoro. Wahenga walisema mtu hujikuna ajipatapo. Basi panga kiasi chako kabla ya kuingia dukani, na usikubali kiasi hicho kipandishwe na maneno ya muuzaji.

Swali la pili ni skrini uliyonayo. Skrini ya kawaida ina pikseli 1920 kwa 1080, yaani nukta zipatazo milioni mbili. Skrini ya pikseli 3840 kwa 2160 ina nukta mara nne ya hizo, na kila nukta ni kazi kwa kadi. Aidha, skrini nyingi za kawaida huonyesha picha 60 kwa sekunde. Mwenye skrini ya namna hiyo akinunua kadi ya kutoa picha 144 kwa sekunde, amelipia asichoweza kukiona. Ikiwa huna nia ya kubadilisha skrini, nunua kadi inayolingana nayo.

Swali la tatu ndilo linalosahauliwa zaidi: je, kompyuta yako itaipokea kadi hiyo? Wengi wetu huanza na kompyuta za ofisi zilizotumika, kama Dell OptiPlex au HP EliteDesk. Ni mashine imara, lakini hazikutengenezwa kwa ajili ya michezo. Fungua kasha na uangalie mambo matatu.

La kwanza ni nafasi. Kasha jembamba hupokea kadi fupi za nusu kimo tu. Pima kwa rula urefu, kimo na unene, kisha vilinganishe na vipimo vya kadi.

La pili ni umeme. Tundu la kadi kwenye ubao mama hutoa wati 75, basi. Kadi inayohitaji zaidi hudai waya kutoka kwenye pawasaplai: waya wa pini 6 huongeza wati 75, na wa pini 8 huongeza wati 150. GTX 1650 imepangiwa wati 75, na matoleo yake mengi hayahitaji waya wa ziada. RX 6600 inatumia takriban wati 132, na RX 580 wati 185. Pawasaplai za baadhi ya kompyuta ndogo za ofisi hazizidi wati 250 kwa mashine nzima, na hazina waya hizo kabisa. Muuzaji akikupa kiunganishi cha kuvuta umeme kutoka kwenye waya wa diski, kikatae. Waya ule haukukusudiwa kubeba mzigo huo, na ukipata moto unaweza kuunguza mashine na hata kuhatarisha nyumba. Kama unahitaji pawasaplai mpya, gharama yake iingie kwenye bajeti tangu mwanzo, pamoja na ya kifaa cha kulinda mashine dhidi ya umeme unaopanda na kushuka.

La tatu ni umri wa ubao mama. RX 6500 XT ya mwaka 2022 huwasiliana na ubao kwa njia nne tu za PCI Express, ilhali kadi nyingi hutumia nane au kumi na sita. Kwenye ubao wa kizazi cha nne hilo halina madhara makubwa, bali kwenye ubao wa kizazi cha tatu, ambao wengi wanao, kasi ya njia hizo hupungua kwa nusu na michezo mingine huonyesha upungufu ulio wazi. Vivyo hivyo kadi za Intel Arc, kama A750, hutegemea uwezo wa ubao uitwao Resizable BAR. Pasipo uwezo huo utendaji wake hushuka sana. Kadi nzuri kwa jirani yako inaweza isikufae wewe.

Sasa tuje kwenye kadi zenyewe. Hapa tunaomba msikilize kwa makini, kwa sababu jina moja laweza kubeba vitu viwili.

GT 1030 ilitoka mwaka 2017 ikiwa na kumbukumbu ya aina ya GDDR5. Mwaka uliofuata likaja toleo jingine lenye jina lilelile lakini lenye kumbukumbu ya DDR4, ambalo ni polepole mno kwa michezo. GTX 1060 ya gigabaiti 3 na ile ya gigabaiti 6 zinaonekana kutofautiana kwa kumbukumbu tu, kumbe ya kwanza ina viini 1152 na ya pili 1280. RTX 3050 ya gigabaiti 8 ina viini 2560, na ile ya gigabaiti 6 iliyotoka mwaka 2024 ina viini 2304, ingawa hii ya pili ina faida ya kutumia wati 70 tu. RX 580 kamili ina viini 2304, lakini kuna toleo liitwalo RX 580 2048SP ambalo kwa uwezo linakaribiana na RX 570. Hakuna udanganyifu katika kuuza matoleo haya iwapo muuzaji ameyataja wazi. Udanganyifu huanza anapolipa toleo dogo bei ya toleo kubwa na kunyamaza. Kwa hiyo usiulize, "Mna 1060?" Uliza kwa jina kamili, ukubwa wa kumbukumbu na aina yake, na uombe vyote viandikwe kwenye risiti.

Kuhusu ukubwa wa kumbukumbu, tunashauri hivi. Kwa michezo ya zamani na ile myepesi ya mashindano, gigabaiti 4 zinaweza kutosha. Kwa michezo mipya mizito, hata kwenye skrini ya kawaida, lenga gigabaiti 8. Hata hivyo kumbukumbu nyingi haiifanyi kadi dhaifu kuwa na nguvu. Ghala kubwa halisaidii kama wapakuaji ni wawili. Usilinganishe kadi kwa namba moja tu. Tafuta majaribio huru ya mchezo unaoucheza wewe, uone kila kadi hutoa picha ngapi kwa sekunde, kisha ugawe bei kwa idadi hiyo. Kadi yenye gharama ndogo kwa kila picha, na inayokubaliana na mashine yako, ndiyo rahisi kwa maana halisi.

Tugeukie kadi zilizotumika. Hatuwakatazi kuzinunua, kwani kwa mwenye kipato kidogo mara nyingi ndiyo njia ya pekee. Ila ni vyema kujua zilikotoka. Kwa miaka kadhaa kadi nyingi duniani zilifanya kazi usiku na mchana kuchimba sarafu ya kidijitali ya Ethereum. Mwezi Septemba 2022 mtandao huo ulibadili utaratibu wake, uchimbaji kwa kadi ukakoma, na kadi nyingi zikamwagwa sokoni. Si kila kadi iliyochimba ni mbovu. Hata hivyo feni zake zinaweza kuwa zimechoka na ute wake wa kupooza umekauka. Zungusha feni kwa kidole kadi ikiwa haina umeme, sikiliza ikikwaruza, tazama kutu, skrubu zilizochubuka na alama za kuungua.

Kisha omba ijaribiwe mbele yako. Usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Kuwaka kwa kompyuta si jaribio, kwani hata ile kadi ya kijana wetu iliiwasha. Endesha mchezo au programu ya kupima nguvu kwa dakika ishirini, ukitazama joto na mistari ya ajabu kwenye kioo. Fungua programu ya bure ya GPU-Z, ambayo husoma chipu yenyewe na kuweka neno FAKE mbele ya jina la kadi nyingi za bandia inazozitambua. Pakua draiva kutoka kwenye tovuti ya mtengenezaji, siyo kutoka kwenye diski uliyopewa. Muuzaji anayekuonya usisasishe draiva amekwisha kukueleza alichokuuzia. Angalia pia matundu ya nyuma. GTX 1050 Ti ni ya kizazi ambacho NVIDIA iliacha ishara ya zamani ya VGA. Ukiona juu yake tundu lile la pini 15, una sababu ya kusita. Kadi ya yule kijana ilikuwa nalo, na hakuna aliyemwambia maana yake.

Mwisho tuzungumzie haki yenu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji, na inamtaka muuzaji atoe bidhaa inayolingana na maelezo yake. Maneno "mali ikishauzwa hairudishwi", ambayo mmeyaona chini ya risiti nyingi, hayamwondolei wajibu huo. Lakini haki isiyo na ushahidi ni ngumu kuisimamia. Dai risiti ya EFD yenye jina la duka, na mwombe muuzaji aandike jina kamili la kadi, namba yake ya utambulisho na muda wa dhamana. Ukinunua kwa mtu binafsi mtandaoni, hifadhi tangazo, mazungumzo na ujumbe wa malipo, mkutane mahali penye umeme na watu, na usitume fedha kabla ya kukiona kifaa kikifanya kazi. Tatizo likitokea rudi dukani mapema, usifungue kadi mwenyewe, na ukikataliwa leta malalamiko kwetu pamoja na vielelezo hivyo.

Na mkishafika nyumbani, chomekeni waya wa skrini kwenye kadi, siyo kwenye ubao mama. Wapo waliodhani wametapeliwa kumbe picha ilikuwa ikipita njia ya zamani.

Ndugu walaji, yule mama alituuliza swali moja kabla ya kuondoka: "Sasa mimi nisiyejua kompyuta ningetambuaje?" Hatukuwa na jibu la kumrudishia fedha zake, kwa kuwa duka halikuwa na jina na simu ya muuzaji ilikuwa imezimwa. Mwanawe alikaa kimya akiitazama ile kadi magotini pake. Jibu letu ndilo hili tuliloliandika. Hakuhitaji kuijua kompyuta. Alihitaji kuuliza kwa jina kamili, kuona kadi ikifanya kazi kwa dakika ishirini, na kuondoka na risiti ya kweli. Mzazi yeyote anaweza kuyadai hayo matatu, na muuzaji mwaminifu hatachukia akiyasikia. Chema chajiuza.