Hospitali Hupimwa Siku ya Msiba

Hotuba kwa wakazi wa Kisiwani na Mji wa Kale

 

Asubuhi ya tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka karibu kabisa na ufuo. Ilikuwa imebeba watu zaidi ya 400, ilhali uwezo wake ulikuwa 300. Waliofariki walikuwa 272. Huenda wapo hapa waliozika jamaa zao siku hizo.

Mkasa ule hutajwa kila usalama wa vivuko unapozungumzwa, na ni haki. Ila una swali jingine ndani yake lisiloulizwa sana. Lau watu wale wangetolewa majini wakiwa hai, mia mbili kwa mpigo, nani angewapokea? Kwa vitanda vipi, na oksijeni ya kutosha watu wangapi?

Kwa kawaida hospitali hupimwa kwa urefu wa foleni, dawa zilizopo na idadi ya wauguzi. Vipimo hivyo ni vya lazima. Mama aliyekaa foleni tangu alfajiri akaondoka bila dawa hana haja na hotuba ya majanga. Lakini hupima siku ya kawaida. Shirika la Afya Duniani lina kipimo cha siku isiyo ya kawaida. Hukagua jengo lenyewe, kisha vilivyomo ndani, yaani umeme, maji, mitungi ya gesi na njia za kutokea, kisha mpango wa dharura na watu wa kuutekeleza. Hospitali hupewa daraja A, B au C, na C maana yake ni kwamba maisha ya waliomo hayana hakika msiba ukitokea.

Chukulieni jenereta. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu nchi nzima, na katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, baadhi ya abiria walikaa gizani kwa sababu jenereta ilikataa kuwaka. Jenereta ilikuwapo. Mkaguzi wa karatasi angeitia alama ya vyema. Kwa hiyo swali kwa hospitali si kama inayo jenereta. Ni lini iliwashwa mara ya mwisho ikabeba mzigo wote, mafuta yake yanatosha saa ngapi, na nani ana ufunguo saa nane ya usiku?

Saa nane hiyo ndiyo yenye uzito. Mafunzo mengi hufanyika mchana, ukumbini, na wanaohudhuria ni wakuu wa idara. Moto ukizuka wodini usiku, aliyepo ni muuguzi wa zamu, mhudumu wa usafi na bawabu. Hao ndio wanaopaswa kujua kizima moto kinafunguliwaje, mgonjwa asiyeweza kutembea anatolewa kwa mlango gani, na majeruhi thelathini wakiletwa kwa pamoja nani ahudumiwe kwanza. Kanuni za mwaka 2007 za kupunguza hatari ya moto kazini zinataka zoezi la moto lifanyike angalau mara moja kila mwaka. Likifanywa mchana tu, zamu ya usiku imebaki vile vile.

Afya, ambulensi, zimamoto na maafa ni kazi za kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010, na Kifungu cha 43 kinakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya mwaka 2023 kuhusu fedha za kuboresha vituo inaziachia hospitali za umma mapato yake. Mafunzo ya zamu ya usiku yana haki ya kuwa na fungu humo, na mkazi ana haki ya kuliuliza.

Hospitali Kuu ya Rufaa ya Pwani, ambayo wengi bado huiita Makadara, hutegemewa na kaunti zote sita za Pwani, nayo iko kisiwani. Majeruhi wa Likoni huvuka maji kuifikia. Wa Kisauni hupita daraja la Nyali. Njia zikizibwa, vituo vya ng'ambo vitabaki peke yao kwa saa za mwanzo. Wahudumu wao basi wafunzwe sawasawa na wa hospitali kuu.

Hapa Mji wa Kale hatari huanza kabla ya hospitali. Gari la zimamoto halipiti katika vichochoro vingi, na ambulensi husimama mbali na mlango wa mgonjwa. Atakayembeba hadi barabarani ni jirani. Kila mtaa unahitaji machela, vijana waliofunzwa kuitumia, na kichochoro kisichozibwa na mikokoteni na pikipiki. Watu wa kila mtaa wakubaliane, kabla ya kuondoka leo, machela itawekwa nyumbani kwa nani.