Askari Aliyekimbia Njia ya Ndani

Mazungumzo kwa wakazi wa Kata ya Nyakatuntu kuhusu michezo, vijana na utumishi



Tarehe 2 Septemba 1972, mjini Munich, Ujerumani Magharibi, wanaume wanane walijipanga kwa fainali ya Olimpiki ya mita 400 kuruka viunzi. Njia ya ndani kabisa, ambako kona ni kali kuliko zote, alipangwa askari polisi wa Uganda aitwaye John Akii-Bua, kijana wa miaka 22. Miongoni mwa wapinzani wake alikuwamo David Hemery wa Uingereza, bingwa wa Olimpiki iliyotangulia. Akii-Bua aliruka viunzi vyote 10 na kumaliza wa kwanza kwa sekunde 47.82. Kabla ya siku hiyo hakuna aliyewahi kukimbia mbio hizo chini ya sekunde 48. Hiyo ndiyo medali ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki kwa nchi ya Uganda.

Kijana huyo hakutoka katika shule ya michezo. Alizaliwa mwaka 1949 katika nchi ya Lango, kaskazini mwa Uganda, katika familia kubwa. Masomo yake yalikatika mapema, naye akajiunga na polisi. Humo ndimo kipaji chake kilipoonekana. Afisa mwenzake, Jorum Ochana, ambaye naye alikuwa mruka viunzi hodari, alimwongoza katika mchezo huo. Baadaye kocha Malcolm Arnold kutoka Uingereza akamnoa. Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alishika nafasi ya nne. Hakukata tamaa.

Baada ya Munich alipandishwa cheo, na jina lake likapewa barabara mjini Kampala. Lakini sifa haina mkataba na mtu. Mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwamo, zilisusia Olimpiki ya Montreal kupinga ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini. Akii-Bua hakukimbia, na huko huko rekodi yake ikavunjwa na Mmarekani Edwin Moses.

Yaliyofuata wazee wa Kagera hawahitaji kusimuliwa. Mwishoni mwa mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia mkoa wetu, na Aprili 1979 Kampala ikakombolewa. Pengine wasilojua wengi ni kwamba bingwa yule naye aligeuka mkimbizi. Chini ya Amin, Walango walitazamwa kwa shaka. Amin alipoanguka, afisa aliyetukuzwa na utawala ule naye alikuwa na sababu ya kuogopa. Alivuka mpaka na familia yake hadi Kenya, akawekwa katika kambi ya wakimbizi. Kampuni ya viatu ya Puma ilimsaidia kufika Ujerumani Magharibi.

Angeweza kubaki huko. Mwaka 1983 alirudi nyumbani, akavaa tena sare ya polisi na kufundisha vijana riadha. Alifariki tarehe 20 Juni 1997, akiwa na miaka 47, akazikwa kwa heshima za taifa.

Ndugu wananchi, sisi tunaopakana na Uganda tuna la kujifunza kwa jirani huyu. Kipaji chake kilikutana na watu wawili waliojua kufundisha, na utumishi uliompa ajira na nafasi ya mazoezi. Bila hayo angebaki kijana mwenye mbio ambaye hakuna aliyemfahamu.

Kwetu, mlango wa kwanza ni uwanja wa shule na uwanja wa kijiji. Ardhi ya kijiji hujadiliwa katika mkutano mkuu wa kijiji. Basi wakazi wahudhurie, na uwanja usimegwe kidogo kidogo kwa migomba na vibanda hadi watoto wabaki na njia ya miguu. Walimu wawatazame watoto wakati wa mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA, na mwenye kipaji ajulishwe kwa Afisa Michezo wa Halmashauri.

Na ninyi vijana, mkisikia nafasi za kujiunga na Jeshi la Polisi zimetangazwa, msizidharau. Medali hupatikana siku moja. Utumishi ndio uliombeba Akii-Bua kabla ya siku hiyo, na ndio aliourudia baada yake.