TAKA ZA KAZI ZA NYUMBANI: WAJIBU WETU NA HAKI YETU
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Diani)



Wengi wetu hapa Diani na Ukunda twafanya kazi uani: twapika sabuni, twatia vitambaa rangi, twakamua mafuta ya nazi, twaranda mbao, twatengeneza pikipiki. Kazi hizi zatulisha, na kila moja ina taka zake.

Ardhi yetu ni jabali la matumbawe lenye matundu mengi. Oili chafu au maji ya kostiki yakimwagwa nyuma ya nyumba hayakai pale. Hushuka mpaka kwenye maji ya visima, na kutoka huko hufika baharini. Wa kwanza kuyanywa ni sisi na jirani zetu.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999 yamkataza mtu yeyote kutupa taka kwa namna ya kudhuru watu au mazingira. Haikusema mwenye kiwanda kikubwa peke yake. Sheria ya taka ya mwaka 2022 nayo yataka taka zinazooza zitengwe na zisizooza. Lakini Katiba ya mwaka 2010 imeweka kazi ya kuzoa taka mikononi mwa kaunti. Basi deni liko pande mbili.

Tutazame Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda kiliyeyusha betri kuukuu kutoa madini ya risasi, na sumu ile ikaingia katika damu ya wakazi. Kilifungwa mwaka 2014. Wakazi walishtaki kwa umoja. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Amri hiyo ilitenguliwa katika rufani mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Risasi ile ndiyo iliyomo ndani ya betri tunazozipasua uani.

Kwa hiyo twakubaliana hivi:

1. Betri isipasuliwe nyumbani; iuzwe nzima.
2. Oili chafu iwekwe katika debe lenye kifuniko, na mtungi wa kostiki usitiwe kamwe maji ya kunywa.
3. Makumbi na maranda yasichanganywe na plastiki wala makopo.
4. Tukiisha kutenga, twende sote kwa kaunti kudai gari la taka na mahali pa kupeleka oili.

Mmoja wetu akienda peke yake ataulizwa habari za taka zake. Tukienda sote, kaunti itaulizwa habari za kazi yake.