Ukuta Mmoja wa Rangi ya Chungwa: Mambo ya Kufanya Kabla ya Kufungua Kopo

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa kwa familia zilizofika karibuni, katika kikao chetu cha Jumamosi.

  Wenye watoto wachanga, msihangaike wakilia. Hapa wote tumelea.

Miezi hii nikitembelea nyumba zenu naulizwa swali moja: "Tunaweza kupaka ukuta rangi?" Nikiuliza rangi gani, karibu wote mnataja rangi ya chungwa. Mwingine anasema papai lililoiva, mwingine embe, mwingine tofali. Ni ukoo mmoja.

Sishangai. Nyumba nyingi za kupanga hapa Marekani hupakwa nyeupe au kijivu chepesi, kwa sababu mwenye nyumba anataka rangi rahisi kurudia kila mpangaji anapohama. Sisi wengi tumetoka kwenye kuta za udongo. Kule Nyarugusu tulifyatua tofali wenyewe, tukajenga, tukasiriba, na jua la jioni likipiga, ukuta ulikuwa kama kaa la moto. Mtu aliyelala ndani ya ukuta ule miaka 15, ukimweka kwenye chumba cheupe mwezi wa Januari, saa kumi na moja jioni giza limeshaingia, atakuambia: "Hapa ni hospitali." Neno hilo nimelisikia katika nyumba nyingi. Kwa hiyo msidhani mnaomba jambo la anasa. Mnaomba kuishi nyumbani.

Jibu langu ni: inawezekana. Lakini kuna mambo matatu ya kufuata kwa mpangilio wake: ruhusa, umri wa nyumba, halafu rangi yenyewe. Watu wengi huanza na la tatu, na hapo ndipo hasara inapoingia.

La kwanza ni ruhusa.

Mlipoingia kwenye nyumba zenu, mlilipa pesa ya dhamana, au ililipwa kwa niaba yenu. Pesa hiyo ni yenu mkihama bila deni na bila uharibifu. Mwenye nyumba haruhusiwi kukata kwa uchakavu wa kawaida, kama zulia kufifia au ukuta kuchujuka. Lakini ukuta uliopakwa rangi nyingine bila idhini anaweza kuuhesabu kama uharibifu, akakata gharama ya kuurudisha.

Mama mmoja ninayemhudumia ameniruhusu nieleze yaliyompata. Alipaka sebule yote, kuta nne, chungwa la kuwaka. Alipaka vizuri, mistari imenyooka, hata mimi nilimsifu mkono wake. Lakini alikuwa ameshapaka bila kuuliza. Alipohama, mwenye nyumba alileta mafundi, na sehemu kubwa ya dhamana ikaenda huko. Pesa hiyo alikuwa ameitegemea kwa nyumba ya pili. Ilibidi akope kwa ndugu.

Familia nyingine iliuliza kwanza. Tuliandika barua fupi pamoja, yenye mambo manne: ukuta upi, rangi gani pamoja na namba yake ya dukani, nani atapaka, na ahadi kwamba kabla ya kuhama wataurudisha ukuta kwenye rangi ya mwanzo. Mwenye nyumba alijibu kwa barua pepe siku ya tatu: sawa. Jibu lile tulilichapisha, likawekwa pamoja na mkataba.

Kuuliza si ujinga. Ila ulizeni kwa maandishi, na jibu liwe la maandishi. Fundi wa jengo akisema mlangoni "hakuna shida," huyo si mwenye nyumba, na mwakani huenda akawa hayupo. Pia pigeni picha za kuta kabla ya kugusa chochote. Kama Kiingereza bado kigumu, njooni ofisini na mkataba wenu. Tutasoma na kuandika pamoja.

La pili ni umri wa nyumba. Hapa naomba mnisikilize kwa makini kuliko popote.

Zamani rangi za nyumba zilichanganywa na madini ya risasi. Marekani ilipiga marufuku rangi hizo katika nyumba za kuishi mwaka 1978. Nyumba iliyojengwa kabla ya mwaka huo inaweza kuwa nazo bado, chini ya rangi mpya tunazoziona. Na nyumba zetu nyingi ni za zamani, kwa sababu ndizo zenye kodi tunayoiweza.

Rangi ya namna hiyo ikiwa imeshikana vizuri na ukuta, hatari yake ni ndogo. Hatari huja inapobanduka, inaposuguliwa, au dirisha linapofunguliwa na kufungwa likasaga vumbi. Mtoto anatambaa, anashika kizingiti cha dirisha, anatia mkono mdomoni. Risasi huharibu ubongo unaokua, na mara nyingi hakuna dalili mpaka imeshaleta madhara.

Mwaka 2000, mjini Manchester katika jimbo la New Hampshire, mtoto wa kike wa miaka miwili, wa familia ya wakimbizi kutoka Sudan, alikufa kwa sumu ya risasi. Walikuwa na wiki chache tu tangu wafike Marekani. Nyumba waliyopangishwa ilikuwa ya zamani na rangi yake ilikuwa ikibanduka. Wazazi wale walikuwa wamevuka mambo yale yale mliyoyavuka ninyi, na hakuna aliyewaambia habari za ukuta. Mimi nawaambia leo.

Na rangi ya chungwa inahusika. Njano na chungwa kali za zamani mara nyingi zilipata ung'avu wake kutoka kwa kiungo chenye risasi. Kwa hiyo mkikwangua mlango wa zamani mkaona tabaka la chungwa chini yake, msifurahi kwamba mmepata mliyokuwa mkiitafuta. Acheni kukwangua. Rangi mpya ya dukani hapa ni habari nyingine: tangu 2009 sheria hairuhusu zaidi ya sehemu 90 za risasi kwa milioni.

Basi fanyeni hivi. Ulizeni nyumba ilijengwa mwaka gani. Kama ni kabla ya 1978, sheria ya nchi inamtaka mwenye nyumba awaeleze anachokijua kuhusu risasi na awape kijitabu cha maelezo kabla hamjatia saini mkataba. Kama hamkupewa, nielezeni. Mkiona rangi inabanduka, msipige msasa, msikwangue, na msifagie vumbi lake kwa ufagio mkavu. Futeni kwa kitambaa chenye maji na sabuni, sogezeni kitanda cha mtoto mbali na dirisha, na mwandikieni mwenye nyumba. Mafundi anaowalipa kugusa rangi hiyo wanatakiwa wawe na cheti cha kazi hiyo.

Tena, watoto wetu hupimwa damu kwa ajili ya risasi wanapofika. Wenye umri wa miaka sita kushuka chini wanatakiwa kupimwa tena baada ya miezi mitatu hadi sita, hata kama kipimo cha kwanza kilikuwa safi. Sababu yake ni hii nyumba mpya. Msiikose miadi hiyo. Mkikosa usafiri, nipigieni simu.

La tatu ni rangi yenyewe. Sasa tunaweza kufurahi.

Ruhusa mnayo, na ukuta ni mzima. Shauri langu ni ukuta mmoja, si minne. Rangi ya chungwa humwaga mwanga wake kwenye kuta nyingine. Katika chumba kidogo, kuta nne zikiangaliana, rangi hujizidisha, na baada ya wiki mbili kichwa kinauma. Ukuta mmoja unaopigwa na mwanga wa dirisha unatosha kupasha chumba chote. Sebule na mahali pa kulia chakula panaipokea vizuri. Chumba cha kulala kinapenda iliyotulia, inayokaribia udongo au ndani ya kiazi kitamu.

Dukani, kadi ndogo za rangi ni bure. Chukueni tano au sita. Rangi iliyo tamu kwenye kadi ndogo kama kidole huwa kali mara mbili ikijaa ukuta, kwa hiyo mkibabaika kati ya mbili, chukueni iliyopoa. Halafu nunueni kopo dogo la kujaribu, pakeni kipande cha katoni, mkiegemeze ukutani siku mbili. Kiangalieni asubuhi, mchana, na usiku taa ikiwaka. Balbu nazo zina rangi: iliyoandikwa 2700K hutoa mwanga wa njano kama wa kibatari, na chungwa hupendeza chini yake. Ya 5000K ni nyeupe ya buluu, na rangi ile ile itaonekana tofauti kabisa. Wakati mwingine kubadilisha balbu peke yake kunaondoa nusu ya "hospitali."

Nunueni rangi ya maji, si ya mafuta. Harufu yake ni ndogo, na brashi husafishwa kwa maji. Isiyong'aa kabisa huficha mabonde ya ukuta lakini haipendi kusuguliwa. Penye watoto, chukueni yenye mng'ao kidogo, ili alama za mikono zifutike.

Hesabu ni rahisi. Galoni moja, karibu lita 3.8, hufunika kama futi za mraba 350 kwa mkono mmoja. Ukuta wa futi 12 kwa 8 ni futi 96. Chungwa huwa haifuniki haraka, hivyo tegemeeni mikono mitatu, ambayo ni futi 288. Galoni moja inatosha na kubaki. Pakeni kwanza rangi ya msingi, mwulize muuzaji aitie rangi kidogo ielekee chungwa, na huenda mikono miwili ikatosha. Fungueni madirisha, hata kama ni baridi, na mama mjamzito na watoto wakae chumba kingine mpaka harufu iishe. Mfuniko wa kopo wenye namba ya rangi msiutupe. Siku mtoto akichubua ukuta, namba hiyo ndiyo itakayowaokoa.

Na kama mwenye nyumba amekataa? Ukuta si mwisho. Kitenge cha chungwa kilichotandikwa kwenye kochi, pazia, mto, kivuli cha taa, ubao mpana uliopakwa ukaegemezwa nyuma ya meza. Vyote hivyo vinahama pamoja nanyi, na havigusi dhamana.

Najua wapo wanaosema, "Kwa nini nijisumbue, nyumba si yangu?" Ni kweli, si yako. Ya kambini nayo haikuwa yetu, tulikaa juu ya ardhi ya wengine, lakini tuliisiriba kila mwaka kabla ya mvua, na hakuna aliyesubiri hati miliki. Watoto wenu wanakua sasa, katika chumba hiki, kwa mkataba huu wa mwaka mmoja. Watakachokumbuka ni ukuta walioamka wakiuona.

Jumatano tutasoma mikataba. Leteni karatasi zote mlizopewa siku ya kuingia, hata zile msizozielewa. Hasa hizo.